Upanga wa jadi na upanga wa kisasa: tunabishania nini hasa?



Kuna ubishi ambao haufi. Kila panapotajwa upanga, watu hugawanyika pande mbili. Upande mmoja husema wazee wa zamani walikuwa na siri. Upanga wa Dameski uliweza kukata kitambaa cha hariri kikielea hewani, na leo hakuna kiwanda kinachoweza kutengeneza mfano wake. Upande wa pili hucheka. Chuma cha zamani kilikuwa takataka tu, mpe mhandisi wa leo tanuri ya umeme uone kama hatawashinda wahunzi wote waliowahi kuzaliwa.

Kazi yangu mimi ni metali, nimeisomesha chuo kikuu kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa maoni yangu pande zote mbili zinauliza swali lisilo na jibu. Swali lenye jibu ni hili: mbinu fulani ya uhunzi ilibuniwa kuponya kasoro gani ya chuma? Ukilijibu hilo utajua lini mbinu ile ina kazi ya kweli, lini imebaki kuwa pambo, na lini ni ujanja wa muuzaji. (Hiyo hadithi ya hariri, kwa taarifa yenu, iliyoieneza ni riwaya ya Mskochi Walter Scott, The Talisman, iliyotoka 1825. Siyo ripoti ya vita.)

Nitaeleza taratibu, maana si sote tuliosomea mambo haya.

1. MAJINA KWANZA

Nikisema "panga" hapa nakusudia wingi wa upanga, silaha ile ndefu, na siyo panga la kufyekea shamba. Chuma ni jina la jumla. Pua, au chuma cha pua, ni chuma chenye kaboni ya kutosha kushika makali. Na lugha yetu ina neno la tatu ambalo vijana wengi hawalijui: feleji. Waandishi wa msamiati wa karne ya 19, akiwemo Askofu Steere wa Unguja, walilinukuu katika "upanga wa feleji", yaani upanga mrefu ulionyooka, wenye makali pande mbili, waliokuwa wakiuchukua Waarabu. Kwa hiyo watu wa pwani walijua kwamba chuma na chuma si kimoja, na walikuwa na jina la kile kilicho bora. Tuliopoteza neno ni sisi.

2. KABONI NA UCHAFU

Chuma kitupu ni laini. Ukikitia makali, makali hujikunja. Kikichanganyika na kaboni kidogo, tuseme baina ya asilimia 0.5 na 0.8, mambo hubadilika. Ukikipasha moto hadi kiwe chekundu cha kuiva, halafu ukakizamisha ghafla majini au kwenye mafuta, kinakuwa kigumu ajabu. Ila ugumu huo ni kama wa kioo, kikipigwa vibaya kinapasuka. Ndiyo maana fundi hukirudishia moto kidogo, nyuzi joto 200 hadi 300 hivi na pengine zaidi, ili apunguze ugumu na apate unyumbufu. Kaboni ikizidi asilimia 2 unapata chuma cha kusubu, ambacho unaweza kukimimina kwenye kalibu ukapata chungu au jiko, lakini ukikipiga nyundo kinavunjika. Upanga basi unapita njia nyembamba sana. Unatakiwa uwe mgumu kwenye makali na mvumilivu kwenye mwili.

Sasa tabu ya mhunzi wa kale ilikuwa nini? Chuma kitupu huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,538 za sentigredi. Tanuri ya makaa na mivukuto haikuwa ikikifikisha chuma huko. Kwa hiyo mawe au mchanga wa chuma ulipopikwa, kilichotoka hakikuwa maji ya chuma bali bonge lenye matundu kama sponji, ndani yake mmejaa mavi ya chuma. Na kaboni yake haikulingana: upande huu hamna kabisa, upande ule imezidi. Hizo ndizo kasoro mbili kubwa, UCHAFU na KUTOLINGANA. Karibu kila mbinu tunayoiita ya jadi ni jawabu la moja ya kasoro hizi au zote mbili.

3. WAJAPANI: KUKUNJA NA KUKUNJA TENA

Tuanze na upanga wenye sifa kuliko zote duniani. Japani malighafi yake ni mchanga mweusi wa chuma. Unapikwa kwenye tanuri ya udongo iitwayo tatara, kwa siku tatu usiku na mchana bila kulala. Takribani tani 10 za mchanga na tani 12 za makaa hutoa bonge la tani 2.5 hivi, na katika hilo chuma safi cha kufulia upanga, wanachokiita tamahagane, hakizidi tani moja. Mchanga huo una sifa moja kubwa: fosforasi na salfa yake ni kidogo, na hizo ndizo sumu za chuma.

Hata hivyo vipande vya tamahagane havilingani. Kimoja kina kaboni nyingi, kingine kidogo, na mavi ya chuma bado yamo. Fundi anafanyaje? Anavichagua kwa jicho, anavipanga, anaviunga kwa moto na nyundo, halafu anakunja na kufua, anakunja na kufua, mara kumi hadi kumi na tano. Kila mkunjo huzidisha tabaka mara mbili. Mikunjo kumi ni tabaka 1,024, na kumi na tano ni 32,768. Katika kazi hiyo mavi ya chuma hukamuliwa nje au husagwa yakawa madogo sana, kaboni inayozidi huungua, na iliyobaki hutawanyika ikalingana. Zaidi ya nusu ya chuma hupotea njiani. Ni gharama kubwa, lakini mtu yule hakuwa na njia nyingine.

Watu wengi wanadhani kukunja NDIKO kunakoutia upanga nguvu, na kwamba kila ukizidisha mikunjo nguvu nazo zinazidi. Si hivyo. Kukunja ni kama kupepeta mchele. Mchele wenye pumba usipopepetwa hauliki, lakini mchele uliokwisha kusafishwa ukiupepeta mara mia hauwi mtamu zaidi.

Mbinu yao ya pili ni tofauti, na hiyo haikuzeeka. Kabla ya kuuzamisha upanga majini fundi huupaka udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali. Makali yanapoa haraka na kuwa magumu, mgongo unapoa polepole na kubaki mlaini. Chuma kinapokuwa kigumu huvimba kidogo, na huko kuvimba kwa upande mmoja ndiko kunakoongeza mpindo ule mnaoujua. Hapa fundi anacheza na joto, na joto halina jadi wala usasa. Mbinu hii ukiifanya juu ya chuma cha kiwandani chenye kaboni inayofaa, inafanya kazi vizuri tu.

4. CHUMA CHA HINDI: CHUNGU

Wahindi walilijibu tatizo lile lile kwa njia nyingine kabisa. Kama chuma kitupu hakiyeyuki, basi kilishwe kaboni mpaka kiyeyuke, maana kaboni hushusha joto la kuyeyukia. Walichukua chuma laini, wakakiweka ndani ya chungu kidogo cha udongo pamoja na vipande vya miti au majani, wakakiziba, wakakipika kwa saa nyingi. Majani yaliungua yakawa kaboni, kaboni ikaingia ndani ya chuma, chuma kikayeyuka chote, mavi ya chuma yakaelea juu. Kilichopoa chini ya chungu ni donge dogo, safi, lenye kaboni ya asilimia 1.5 hivi. Kasoro zote mbili zimeponywa kwa hatua moja, na mikunjo haihitajiki.

Chuma cha namna hii kilipikwa kusini mwa Uhindi, Sri Lanka, na Asia ya Kati katika miji kama Merv. Ndicho kilichofuliwa panga ambazo Wazungu waliziita za Dameski. Mawimbi yale yanayoonekana juu ya bapa hayakuchorwa wala hayakutokana na mikunjo. Yalitoka ndani ya donge lenyewe, linapofuliwa kwa moto wa wastani, tena na tena, kisha likapakwa asidi. Moto ukizidi, donge linapasuka chini ya nyundo na mawimbi hupotea. Hapo ndipo wahunzi wengi wa Ulaya, waliozoea moto mkali, walipokwama.

Jambo la Sri Lanka linastahili kutajwa kwetu sisi watu wa majahazi. Mwanaakiolojia Gill Juleff alichapisha 1996 utafiti wake wa Samanalawewa, ambako tanuri zilijengwa kwenye miteremko inayoelekea magharibi, zikavutwa na upepo wa msimu bila mivukuto. Ni mfumo ule ule wa pepo za Bahari ya Hindi ambao kwetu unaleta kusi na kurudisha vyombo Arabuni na Uhindi. Upepo mmoja ulisukuma tanga na kupika chuma.

Kisha ufundi ule wa chungu ukafifia, na katika karne ya 19 ukakoma. Wanasayansi wakubwa walijaribu kuufufua: Faraday huko London aliuchunguza kuanzia 1819, na Anosov huko Urusi alichapisha matokeo yake 1841. Jibu la kuridhisha zaidi lilikuja 1998, kwa ushirikiano wa profesa mmoja wa metali, Verhoeven, na mhunzi mmoja wa Florida, Pendray. Walionyesha kwamba siri ya mawimbi ilikuwa katika uchafu mdogo mno wa madini kama vanadi uliokuwamo ndani ya mawe ya chuma ya sehemu fulani. Bila vanadi au mwenzake, chembe ngumu za kaboni hazijipangi mistari. Mhunzi wa kale hakuijua vanadi. Alijua kwamba chuma kutoka kwa fulani kinatoa mawimbi na cha kwingine hakitoi. Machimbo yale yalipokwisha au njia ya biashara ilipokatika, mbinu ile ile ya mikono ile ile ikaacha kufanya kazi, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mwaka 2006 watafiti wa Dresden walitangaza kwenye jarida la Nature kwamba wameona mirija midogo mno ya kaboni ndani ya upanga mmoja wa karne ya 17. Magazeti yakapiga kelele kwamba wazee walikuwa na teknolojia ya nano! Taratibu jamani. Kitu kikiwemo ndani ya upanga si lazima fundi aliyeufua awe alikikusudia.

Je, chuma hicho kilikuwa bora kuliko cha leo? Verhoeven, Pendray na mwenzao wa tatu walipima visu, wakachapisha 2008. Kwenye ugumu wa chini, chuma cha Dameski kilishinda kidogo. Vyuma vya kisasa vilipotiwa ugumu wake kamili, vikakipita. Kila upande una lake la kusema, lakini hadithi ya muujiza imekwisha.

5. NENO LA AL-KINDI

Kabla sijaenda mbele nimtaje mtu aliyeumaliza ubishi huu zaidi ya miaka elfu iliyopita. Mwanafalsafa al-Kindi, huko Iraki katika karne ya 9, aliandika risala kuhusu panga kwa ajili ya Khalifa al-Mu'tasim. Alizigawa panga za chuma cha pua katika mafungu: zile za "atiq", zile za "muhdath", na zilizo katikati. Mwenye kujua Kiarabu atatafsiri haraka: za kale, na mpya. Lakini al-Kindi mwenyewe anafafanua kwamba "atiq" hapa si habari ya miaka. Ni habari ya uungwana, kama vile farasi anavyoitwa "atiq" kwa ubora wa damu yake na siyo kwa uzee. Upanga uliofuliwa jana unaweza kuwa atiq, na wa babu wa babu yako ukawa muhdath. Kipimo ni chuma na ufundi, si tarehe.

6. KIWANDA KILIBADILISHA NINI

Miaka ya 1740 Benjamin Huntsman huko Sheffield alianza kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu kwa moto mkali. Mwaka 1856 Bessemer akatangaza njia ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka na kuunguza uchafu. Baadaye zikaja tanuri za umeme na mashine za kupima kila kilichomo. Leo ukinunua kipande cha chuma cha kiwandani kina karatasi: kaboni asilimia hii, manganizi hii, kromi hii, fosforasi haizidi hii. Mwanzo wa kipande na mwisho wake ni sawa.

Maana yake ni kwamba zile kasoro mbili zimekwisha kabla chuma hakijafika kwa mhunzi. Kazi ya kukunja imefanywa na kiwanda bila kukunja. Kilichobaki mikononi mwa fundi ni umbo na JOTO: apashe moto kiasi gani, apoze kwa nini, arudishie moto wa nyuzi ngapi. Na hapo, ndugu zangu, ndipo panga nyingi za leo zinapofeli. Chuma kizuri kikitiwa joto vibaya kinatoa upanga mbaya kuliko chuma cha wastani kilichotiwa joto kwa ujuzi.

7. "DAMESKI" YA MADUKANI

Sasa twende sokoni. Panga na visu vinavyouzwa leo kwa jina la Dameski karibu vyote si chuma cha chungu. Ni aina mbili za chuma cha kiwandani, moja yenye nikeli na nyingine isiyo nayo, zilizopangwa tabaka, zikaungwa kwa moto, zikasokotwa, kisha zikatiwa asidi. Isiyo na nikeli inakuwa nyeusi, yenye nikeli inabaki nyeupe, na mawimbi yanaonekana. Wahunzi wa Marekani waliifufua kazi hii miaka ya 1970. Ni kazi ya ustadi, tena nzuri ya kutazama, na mbinu ya kuunga tabaka nayo ni ya kale sana Ulaya na kwingineko. Lakini pale kale iliponya kutolingana kwa chuma. Leo inaunganisha vyuma viwili vilivyokuwa vizima tangu mwanzo. Ni pambo. Mtu akilinunua kama pambo hakuna ubaya.

Ubaya ni pale pambo linapouzwa kama nguvu. Jamaa mmoja aliniletea upanga alioununua kwa mtandao amzawadie mwanawe siku ya harusi, akiambiwa ni "chuma cha Dameski cha siri ya kale". Nilipitisha tupa kwenye makali, tupa ikala kama inakula shaba. Upanga haukuwa umetiwa ugumu hata kidogo. Tukafungua mpini. Mkia wa upanga, ile sehemu inayoingia ndani ya mpini, ulikuwa msumari mwembamba wa nati uliounganishwa kwa welding. Mawimbi mazuri, mwili hamna. Na watu wa Oman mnajua upanga wa sherehe haukai kimya. Katika ngoma ya razha bapa hutikiswa mpaka likatetemeka, na upanga hurushwa juu ukadakwa. Mkia wa namna ile ukikatika, bapa linaruka kuelekea kwenye nyuso za watoto waliokaa mbele. Suala hili basi si la wakusanyaji wa vitu vya kale peke yao.

8. NA SISI JE?

Nimeshaulizwa mara nyingi: panga za Dameski zilitoka kwenye chuma chetu? Msingi wa swali ni al-Idrisi, aliyeandika huko Sisilia mwaka 1154. Anaitaja Malindi kuwa na machimbo ya chuma, na anasema chuma cha Sofala kilipelekwa Uhindi, ambako kilisifiwa, na mafundi wa Uhindi walikuwa hodari wa kufua panga. Al-Idrisi hakufika pwani yetu, alikusanya habari za wasafiri. Maneno yake ni ushahidi wa biashara, si hati ya uzazi ya upanga wowote. Lakini kimetali yana mantiki. Mpishi wa chungu alihitaji chuma laini na safi cha kulisha kaboni, na chuma laini ndicho hasa tanuri za Kiafrika zilichoweza kutoa kwa wingi. Na uhusiano huo haukuwa wa upande mmoja. Kusimba na wenzake, walipochunguza vyuma vya miji ya kale ya pwani ya Kenya, walikuta miongoni mwa vipande vya Galu chuma cha chungu.

Bara nako kulikuwa na ufundi. Mwaka 1978 Schmidt na Avery walichapisha kwenye jarida la Science utafiti wao wa Buhaya, mkoa wa Kagera. Wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi ya ujanani walijenga tena tanuri. Shimo lilijazwa matete ya kinamasi yaliyochomwa yakawa makaa, na mirija ya udongo ya kupitishia hewa iliingizwa ndani kabisa ya tanuri. Watafiti walisema hewa ilipata moto kabla ya kufika kwenye makaa. Wataalamu wengine walilipinga hilo, na ubishi ule haukuwa mdogo. Lisilopingika ni kwamba bonge lililotoka lilikuwa na sehemu zenye kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua. Tazameni yale matete: yaliyaachia mavi ya chuma nafasi ya kutiririka, na yalitia kaboni. Ni jawabu la kasoro mbili zile zile, kwa nyasi za jirani.

Na tusijidanganye upande mwingine. Panga nyingi za Oman na Unguja zilizomo kwenye makumbusho zina mipini ya huku, lakini mabapa yake yalinunuliwa Ulaya, hasa Ujerumani. Babu zetu hawakuona aibu. Walitaka bapa linalonyumbuka na lisilovunjika, wakalifuata lilikokuwa, wakalitia mpini na ala za kwao. Hiyo nayo ni jadi.

9. FUNDI WA SPRINGI

Nimalizie kwa mtu tunayempita bila kumsalimu. Nenda Gikomba, au kwa mhunzi yeyote wa mjini Afrika Mashariki, utamkuta amekaa kando ya moto na rundo la springi za magari makuukuu. Anazikata, anazifua, anatoa sime, jembe, shoka na panga la shamba. Tunamwita fundi wa jua kali na tunadhani anafanya kazi ya vyuma chakavu kwa sababu ya umaskini.

Sasa sikilizeni. Springi nyingi za aina ile ni chuma chenye kaboni ya asilimia 0.6 hivi, pamoja na kromi kidogo au silikoni, kilichotengenezwa makusudi kipinde mara milioni bila kuvunjika. Wafua panga wa Marekani huagiza chuma cha jamii hiyo hiyo kiwandani na kukisifu kuwa miongoni mwa vyuma bora vya upanga mrefu. Kwa usafi na kulingana, springi ya lori inaipita tamahagane kabla haijaguswa na nyundo. Tofauti kati ya fundi wa Gikomba na yule wa Marekani haiko kwenye chuma. Iko kwenye kipima joto, kwenye ndoo ya mafuta yanayofaa, na kwenye tanuri ndogo ya kurudishia moto. Hata kipima joto kinaweza kusubiri. Chuma kikifika nyuzi 770 hivi sumaku haikishiki tena, na hapo mtu anajua kwamba bado kidogo tu kiive kwa kuzamishwa. Wakati wa kurudishia moto, rangi juu ya chuma kilichosuguliwa inasema yenyewe: ya majani makavu karibu nyuzi 220, buluu karibu 300. Mafundi wetu wengi wanazijua rangi hizi, wamefundishwa na baba zao. Hakuna aliyewaandika.

Kwa hiyo ukitaka kununua upanga, wa harusi au wa ukutani, usianze kwa kuuliza kama ni wa jadi au wa kisasa. Uliza mambo matatu. Kwanza, chuma gani, na kaboni yake kiasi gani? Pili, kimepozwa kwa nini na kimerudishiwa moto wa nyuzi ngapi? Tatu, mkia ukoje, ni chuma kimoja na bapa au umeungwa? Muuzaji akikujibu kwa hadithi ya siri za mababu, rudisha pesa mfukoni. Chuma cha pua kisichoshika kutu kinafaa kwa kisu kifupi cha jikoni, lakini panga ndefu nyingi za bei rahisi za chuma hicho ni za kutazamwa tu, usizichezee ngoma.

Na kwa sisi wasomi lipo la kufanya. Japani, tanuri za tatara zilikuwa zimezimika, wakaiwasha tena moja huko Shimane mwaka 1977, wakati mafundi wenye kujua walikuwa bado hai. Buhaya, chuma rahisi cha Ulaya kilikwisha kuziua tanuri mwanzoni mwa karne ya 20, na watafiti walipofika miaka ya 1970 waliwakuta wazee wa mwisho. Wahunzi wa springi wapo leo. Ukienda likizo nyumbani, chukua daftari, kaa na mhunzi wa mtaani kwenu saa mbili tatu. Muulize anaiitaje kila rangi ya chuma motoni, anaiitaje hatua ya kupoza na ya kurudishia moto, na anajuaje springi nzuri na mbaya. Maneno hayo kamusi zetu nyingi hazina, na tukiyakosa tutakwenda kuyaazima, kama kwamba hatujawahi kuwa na feleji.

Mwenye nyongeza au pingamizi aje nayo, hasa waliokulia karibu na wahunzi.

Nawasilisha. Wasalaam.